Shukrani kwa dada wa daftari la bajeti

Dada, hukutaka jina lako litajwe, nasi tunaliheshimu hilo. Ila shukrani hatuwezi kuzimeza.

Asante kwa kutufundisha kuanzia kwenye bajeti ya nyumbani kabla ya sanduku la kikoba, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Ulionyesha kwamba anayenunua hisa tano za shilingi 2,000 kila wiki anatoa 10,000, na kama hazikutengwa mapema zinachomolewa kwenye mtaji. Hapo ndipo wengi huanguka: genge, yaani kibanda cha biashara, linalipa hisa, mkopo wa kikoba unafufua genge, riba inabaki shingoni. Mauzo ya siku yakiwa 60,000 na mzigo wa kesho 42,000, fedha ya mzigo ifungwe kwanza kwenye bahasha yake. 18,000 inayobaki ndiyo ya chakula, kodi, hisa na dharura.

Asante hasa kwa hesabu ya wenye kipato cha kupanda na kushuka: bajeti ipangwe kwa mwezi mbaya kuliko yote, si kwa wastani. Mahitaji ya shule ya 240,000 yakigawanywa kwa wiki 48 ni 5,000 tu. Na makato ya kutoa fedha kwenye simu yaandikwe siku ileile. Salio lisipolingana Jumapili, mara nyingi tofauti imejificha humo.

Kukaguana daftari wawili wawili, bila kutaja kiasi mbele ya kikundi, kumewafanya hata wenye madeni walete madaftari yao. Mungu akulipe, dada yetu.