Anza na Wenye Funguo

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Barua yako niliisoma usiku uleule ilipofika, na asubuhi nikairudia. Nimefurahi kusikia kwamba wamekuweka kwenye kamati ya mazingira ya chuo chenu, na nimefurahi zaidi kuona hukuipokea kama cheo. Umeniuliza jambo moja tu: ufanye nini ili wanafunzi na wafanyakazi waingie kwenye kazi hii kwa moyo, wasiishie kupanda miti siku moja, kupiga picha na kutawanyika. Mimi nina miaka sita kwenye kazi hii. Nitakueleza niliyoyaona, pamoja na niliyokosea, ili usipite njia ndefu niliyopita mimi.

Mwaka wa kwanza nilibandika matangazo. Kila swichi ilipata karatasi yake ya "Zima taa ukitoka", na kila bomba karatasi yake. Tukatandika kitambaa kirefu cheupe, watu wakatia saini za kuahidi kuyatunza mazingira, mamia kwa mamia, hata makamu mkuu wa chuo akaja kutia yake. Muhula ulipokwisha nikaenda idara ya majengo kuomba bili za umeme. Hazikuwa zimeshuka hata kidogo. Niliumia, kwa sababu niliwaona watu wale wakitia saini na nilijua walikuwa wakimaanisha. Hadi leo naamini walimaanisha. Nia walikuwa nayo. Tatizo lilikuwa kwingine.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja msafishaji wa zamu ya usiku. Nilikutana naye saa nne usiku kwenye korido ya jengo la madarasa, niliporudi kuchukua mkoba niliousahau. Tukaanza kuzungumza, nikamwuliza kwa nini taa za ukumbi mkubwa zinawaka mpaka asubuhi. Akanieleza kwamba swichi zake zimo ndani ya chumba cha mitambo, na ufunguo anao mlinzi wa lango. Mhadhiri hata akitaka kuzizima hawezi. Kisha akanipeleka kwenye mapipa yetu ya rangi tatu, mapipa niliyoyapigania miezi mitano, akaniambia kwa upole kwamba gari linalokuja kuzoa taka alfajiri lina tumbo moja. Karatasi, plastiki na mabaki ya chakula, vyote vinamwagwa humo. Wasafishaji walilijua hilo tangu siku ya kwanza, lakini hakuna aliyewauliza. Wanafunzi wanaoamka mapema walikuwa wakiliona gari kutoka madirishani mwao, wakaacha kutenganisha. Nasi kwenye kamati tukawa tunasikitika kwamba vijana hawajali.

Ndiyo maana nakusihi, kabla hujaitisha mkutano wowote, zunguka na wenye funguo. Msafishaji, mlinzi, fundi umeme, fundi bomba, mpishi wa bwalo, mtaalamu wa maabara, dereva. Nenda kwao wakati wa zamu yao, tembea nao, na uwaulize: hapa tunapoteza nini, na kitu gani kinakuzuia usikomeshe? Wengi wao wamekaa hapo miaka ishirini. Wanajua bomba lipi huvuja kila baada ya mvua na ofisi ipi huacha kiyoyozi kikiunguruma Jumamosi na Jumapili. Mwanafunzi anakaa miaka mitatu au minne, nusu yake akiwa kwenye mitihani.

Na ukizungumza nao, chunga maneno. Neno "uendelevu" nalipenda, maana limebeba wazo la Ripoti ya Brundtland, ile ya tume ya Umoja wa Mataifa ya 1987, la kukidhi mahitaji yetu bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi yao. Lakini nimeingia nalo jikoni mwa bwalo nikaona watu wananyamaza kama waliopewa mtihani. Nilipoanza kusema "kupoteza", kila mmoja alikuwa na lake la kusema, na kikao kilichopangiwa nusu saa kikachukua saa mbili.

Wanafunzi wana njia yao. Funguo hawana, lakini wana wingi, wana haraka ya kuona matokeo, na wanatazamana sana. Mwaka 2005, katika Chuo cha Oberlin huko Ohio, Marekani, mabweni yalishindanishwa kwa wiki mbili kupunguza matumizi. Mabweni machache yalifungiwa vifaa vilivyoonyesha umeme unaotumika papo hapo, mengine yalipewa takwimu mara moja kwa wiki. Kwa jumla umeme ulishuka kwa asilimia 32. Waliokuwa wakiona papo hapo walipunguza kwa asilimia 55, na waliosubiri wiki kwa asilimia 31. Lakini maji yalishuka kwa asilimia 3 tu katika mashindano hayohayo. Nakutajia hilo la maji kwa makusudi, usije ukadhani dawa iliyotibu umeme itatibu kila kitu.

Sisi tulijaribu mashindano kama hayo, na matumizi yalishuka vizuri. Wiki ya tatu baada ya kutoa zawadi, yalikuwa yamerudi karibu pale pale. Ningekata tamaa kama si binti mmoja wa mwaka wa pili aliyekuwa akichora grafu za bweni lao. Alikuja ofisini na karatasi yake akauliza kwa nini bweni linatumia umeme saa tisa usiku, watu wakiwa wamelala, karibu sawa na saa mbili usiku. Sikuwa na jibu. Nikamwita fundi, akaitazama ile grafu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hiyo ni pampu." Wakapanda wote wawili hadi kwenye tangi la juu ya paa, wakakuta boya limevunjika, pampu inasukuma maji usiku kucha na yaliyozidi yanamwagika kwenye bomba la mvua. Boya likabadilishwa siku ileile. Bili za bweni lile zilishuka, na hazijapanda tena.

Rafiki yangu, yale mashindano yote sasa nayaona kama njia ya kumfikisha binti yule kwa fundi yule. Kwa miaka mingi fundi alikuwa akiijua pampu, ila hakuwahi kuonyeshwa grafu. Binti alikuwa na grafu, na hakujua kama juu ya paa kuna boya. Tangu hapo kila kikundi tunachounda kina watu wa pande zote mbili, na hatukubali kikundi cha wanafunzi watupu au cha wafanyakazi watupu, hata kikiombwa na mkubwa gani.

Maabara usiziache nyuma, maana huko ndiko umeme mwingi unakokwenda kimyakimya. Zile kabati za kioo zinazofyonza mvuke wa kemikali huvuta hewa ya chumba na kuitupa nje mchana na usiku. Watafiti wa Marekani walikadiria kwamba kabati moja inaweza kula nishati kama ya nyumba tatu na nusu za kwao. Kushusha tu kioo chake baada ya kazi kunapunguza mzigo huo sana pale mitambo ya kuvuta hewa inapojirekebisha yenyewe, na Chuo Kikuu cha Harvard kimeshindanisha maabara zake katika jambo hilo. Kuna pia friji za nyuzi 80 chini ya sifuri. Maabara nyingi zimezipandisha hadi 70 chini ya sifuri, sampuli zao zikabaki salama na umeme ukapungua. Lakini usiandike waraka wa kuamuru. Profesa akiambiwa na kamati atakataa, na ana haki ya kuhofia kazi yake ya miaka kumi. Mtafute mtaalamu wa maabara aliyekwisha kufanya hivyo, umwombe aende kuongea na mwenzake wa jirani.

Nguvu hiyo ya jirani si ya kubahatisha. Mwaka 2008 Goldstein, Cialdini na Griskevicius walichapisha utafiti kuhusu taulo za hotelini. Kadi iliyowaomba wageni watumie taulo tena kwa ajili ya mazingira iliitikiwa na asilimia 35 hivi. Kadi iliyosema kwamba wageni wengi hufanya hivyo iliitikiwa na asilimia 44. Basi ukitaka kubandika karatasi, andika jambo jema ambalo wenzao wanalifanya tayari, ilimradi liwe kweli. Wala usiandike kamwe kwamba "watu wengi hapa huacha taa zikiwaka". Msomaji atajiona yuko na wengi.

Wahadhiri wengi hawakatai, wamechoka. Usiwaombe waanzishe kozi mpya, omba zoezi moja walilonalo lifanyike kwa kutumia chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada kina mpango uitwao SEEDS, ambamo wanafunzi hutatua matatizo halisi ya chuo pamoja na wafanyakazi wake, na kazi hiyo huhesabiwa katika masomo yao. Kwetu, wa takwimu wanachambua bili na wa uhandisi wanapima majengo. Wanafunzi wawili wa sheria waliusoma mkataba wa uzoaji taka, kitu ambacho hakuna mjumbe wa kamati aliyewahi kukifanya, wakagundua unakwisha baada ya miezi minane. Mkataba mpya ulipoandikwa, ukawa na kifungu cha kubeba kila aina ya taka peke yake. Yule mama wa zamu ya usiku ndiye aliyekuja kunipa habari kwamba magari sasa hayachanganyi taka. Sikuwahi kuona mapipa yakitumika vizuri kama muhula uliofuata, na hatukubandika karatasi hata moja.

Kuhusu wakubwa sina mengi. Uliza kama chuo chenu kilitia saini Azimio la Talloires, ahadi ya vyuo kuutekeleza uendelevu, lile lililoanzishwa na viongozi wa vyuo vikuu nchini Ufaransa mwaka 1990 na kutiwa saini na vyuo zaidi ya 500 baadaye. Kama kilitia saini, nenda na nakala yake siku ya kuomba bajeti.

Mambo mawili kuhusu muda, kwa sababu yameniponza. La kwanza ni kalenda. Siku ya Dunia ya kutetea mazingira, ile ya kwanza huko Marekani mwaka 1970, waandaaji wake walichagua tarehe 22 Aprili kwa kuwa iliangukia kati ya likizo ya majira ya kuchipua na mitihani, wakijua bila wanafunzi haitafana. Mimi niliweka kampeni yangu ya pili wiki moja kabla ya mitihani, wakaja wanne. Na kwa kuwa wanafunzi huhitimu na kuondoka, kila jukumu lishikwe na wawili, mmoja wa mwaka wa chini.

La pili ni muda wa wafanyakazi, na hapa naomba uwe mkali. Wasafishaji na walinzi mara nyingi wameajiriwa na kampuni za nje, wanalipwa kwa zamu. Ukiwaalika kikaoni baada ya kazi, unawaomba wakupe bure saa ambazo profesa analipwa. Tulibishana karibu mwaka mzima mpaka ikakubaliwa kwamba saa za kikao ni saa za kazi kwa kila mtu. Mwaka huo ndio yule mama alipoingia kwenye kamati. Vikao vyetu sasa huanza saa kumi na mbili jioni, dakika chache baada ya zamu yake kuanza, na wahadhiri wamezoea.

Naambatanisha fomu tunayoitumia kusomea mita za mabweni. Ibadilishe upendavyo. Ukishatembea na zamu ya usiku ya hapo kwenu, niandikie waliyokwambia, hata kama ni nusu ukurasa. Nayasubiri hayo kuliko habari za mkutano wenu wa kwanza.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.