Wasichana wafundishwe kifungu cha 27

Bwana Mhariri,

Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, na tarehe 11 Oktoba, siku ya mtoto wa kike, zikikaribia, wasichana wa Lubumbashi huitwa kwenye mafunzo ya uongozi. Wanafundishwa kusimama mbele ya watu, kutoa sauti na kujiamini. Hayo ni mema, tunayaunga mkono. Shida ni kwamba mafunzo mengi yanakomea hapo. Msichana anarudi kwenye komine yake ya mjini, Katuba au Kampemba, akijua kusema, lakini hajui abishe mlango upi, ashike karatasi gani, wala asubiri jibu mpaka lini.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ina kifungu ambacho kingestahili kuwa somo la kwanza: kifungu cha 27. Kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inatakiwa ijibu katika miezi mitatu. Kinakataza pia mtu yeyote kushtakiwa kwa sababu ameandika ombi. Umri hakikutaja. Wapo wazazi wanaoogopa kwa sababu wanachanganya ombi na maandamano. Maandamano yako katika kifungu cha 26, na hayo ndiyo yanayotaka mamlaka ijulishwe mapema kwa maandishi. Wazazi waelezwe tofauti hiyo siku ya kwanza, kabla binti hajaanza kukusanya sahihi.

Kazi yenyewe inaanza kwa kuhesabu. Chukua vyoo vya shule, jambo ambalo wasichana wanalijua kuliko burgumesta (mkuu wa komine) yeyote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza tundu 1 la choo kwa wasichana 25, kwa hiyo shule yenye wasichana 300 inahitaji matundu 12. Wasichana wahesabu yaliyopo, kisha watenge yanayotumika na yale yaliyojaa au yaliyofungwa kwa kufuli. Waangalie kama mlango una komeo kwa ndani, kama maji yako karibu au lazima yabebwe kwa bidoni, kama kuna ndoo yenye kifuniko ya kutupia vitambaa vya hedhi. Wafanye hivyo siku tatu tofauti, saa ya mapumziko. Wakihesabu siku moja tu, prefe, yaani mkuu wa shule, atasema ilikuwa siku mbaya. Ukiandika "vyoo havitoshi", utajibiwa "tumesikia". Ukiandika "matundu 4 yanatumika, 8 yanakosekana", anayejibu atalazimika kuzungumzia hayo 8.

Ombi liwe moja. Barua inayotaka vyoo, taa za barabarani, minerva (karo ya shule) na mpira wa kikapu kwa pamoja itazungushwa, kila biro (ofisi) ikisema sehemu kubwa si yake.

Halafu mlango. Hapa ndipo kazi nzuri inapopotea zaidi. Shule nyingi za mji huu ni za makanisa, zinazoendeshwa chini ya mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya dola na makanisa. Kwa shule hizo, barua ikienda kwa sous-PROVED, mkuu wa elimu wa serikali katika eneo, peke yake inaweza kulala, maana usimamizi wa kila siku uko kwa koordinasio ya kanisa. Nakala ifike huko, na nyingine kwa komite ya wazazi. Bomba lililokauka ni la REGIDESO, shirika la maji. Uchafu wa soko la komine ni wa burgumesta.

Ndoa ya mtoto haipelekwi kwa njia hii kamwe. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumchumbia mtoto na kumwoza, na sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 imeweka miaka 18 kwa mume na mke. Hilo ni kosa la jinai. Linapelekwa kwa polisi wa kulinda watoto au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na mtu mzima anayeaminika. Karatasi ya sahihi inayozunguka mtaani ikiwa na jina la msichana husika inamtia hatarini badala ya kumwokoa.

Barua ipelekwe ikiwa na nakala ya pili, na nakala hiyo ipigwe muhuri, iandikwe tarehe na jina la aliyepokea. Bila muhuri miezi mitatu haina pa kuanzia. Karani akisema "acheni tu, mukubwa ataona", wasichana waombe muhuri kwa heshima, na kama hayupo mwenye muhuri warudi kesho na barua yao. Kwenye orodha ya sahihi yatoshe majina na madarasa. Namba za simu na anwani za nyumbani zisiwekwe.

Wakati nao una hesabu yake. Ombi la Juni linadaiwa jibu Septemba: likizo imepita, wasichana wa mwaka wa sita wameshaondoka, hakuna wa kufuatilia. Ombi la mwanzo wa Februari linadaiwa jibu mwanzo wa Mei, kabla ya mtihani wa Taifa, na komine bado ina miezi ya kulifikiria katika bajeti inayoanza Januari. Jibu lisipokuja, barua ya ukumbusho iende na nakala yenye muhuri, na ifike pia kwa meya wa mji na kwa mbunge wa jimbo aliyechaguliwa hapo.

Jambo moja linatuuma. Wanaochagua wasichana wa mafunzo hutazama nani anasema Kifaransa kizuri. Barua ya biro huandikwa Kifaransa, sawa, lakini Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika kifungu cha 1 cha Katiba hiyohiyo. Ombi lijadiliwe kwa Kiswahili na nakala yake ya Kiswahili iambatishwe. Msichana asiyeweza kumweleza mama yake barua hiyo jikoni ameandikiwa na mtu mwingine, na burgumesta atalijua kwa swali la pili.

Tunawaomba wanaoendesha programu hizi waweke fotokopi na nauli za wasichana katika bajeti yao, kama wanavyoweka vikwembe na chakula. Na nakala yenye muhuri ikae kwa wasichana wenyewe, moja shuleni na moja kwa mzazi, isifungiwe kwa mratibu. Mradi ukiisha, biro yake hufungwa, na miezi mitatu huenda bado haijatimia.

Wakufunzi wa vijana,
Lubumbashi