YAH: Kufunga muhula wa kwanza, safari ya Bagamoyo na kengele yetu

Kwa wazazi na walezi wote,

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wazazi wetu Waislamu, ambao vijana wao wanaijua ratiba ya misa kuliko baadhi ya Wakatoliki wetu, asalaam aleikum.

Muhula umeisha salama. Kila mwanafunzi amekabidhiwa ripoti yake mkononi. Ukiambiwa imepotea njiani piga simu ofisini, nakala tunazo. Pampu ya maji imetengenezwa. Mpishi mpya ameanza kazi na maharage sasa yanaiva. Hayo yatoshe, maana nina mambo mawili makubwa ya kuwaeleza, moja la kujivunia na moja lililoniuma, na yote mawili yanahusu chuma.

Nianze na la kujivunia. Kidato cha tatu walikwenda Bagamoyo. Tuliondoka saa tisa usiku na mabasi mawili, tukapita Chalinze, tukakata kulia Msata, na jua lilipopanda kidogo tulikuwa tumeshuka misheni vijana wote wakiwa na tai shingoni. Nawashukuru wazazi waliochangia mafuta. Waliosema watachangia, bado tunawasubiri.

Kwa nini Bagamoyo na si mbuga ya wanyama, kama mzazi mmoja alivyouliza? Kwa sababu sisi ni wajukuu wa pale. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Unguja tangu 1863, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakavuka kuja Bagamoyo. Kutoka hapo ndipo walipopanda bara: Mhonda 1877, Morogoro 1882, hadi Kilema kule Kilimanjaro 1890. Karibu kila walipotua waliweka altare, shamba na darasa, na mara nyingi darasa lilikuwa kivuli cha mti. Hata shule yetu ilianza hivyo, chini ya mwembe ambao wazazi wengi mmeukalia mkisubiri siku ya kutembelea.

Nilitaka vijana waione historia hiyo ilivyo, bila kupakwa chokaa. Waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa Bagamoyo hawakuletwa na wazazi wao na masanduku ya bati kama hawa wetu. Wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wakati ambapo soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa Juni 1873, enzi ya Sultani Barghash. Walifundishwa kusoma, useremala, uashi, uhunzi na kilimo. Maisha yao yalikuwa ya sala, darasa na jembe kwa ratiba kali, na si kila aliyekombolewa alikuwa na hiari ya kwenda atakako. Kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa huo ulikuwa uhuru au bweni?" Nilimwambia aandike insha. Ameandika kurasa sita, na ndiyo insha bora niliyosoma hapa kwa miaka mingi. Mzazi wake akija nitampa aisome.

Tulisimama chini ya mnara wa kanisa la zamani. Mwili wa David Livingstone ulilazwa pale Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Vijana wetu hawakumjali sana Livingstone. Walichotaka ni habari za Chuma na Susi na wenzao, walioibeba maiti hiyo kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, safari ya miezi mingi, hadi pwani. Mmoja akauliza kama huyo Chuma alikuwa mhunzi. Tulicheka, lakini baadaye niliwaona wanabishana kwa dhati ni watu wangapi wanahitajika kubeba maiti umbali huo, na wangekula nini njiani.

Halafu mbuyu. Waliofika Bagamoyo wanaujua. Inasimuliwa kwamba mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa, alifunga mnyororo pale ili amfunge punda wake. Mti ukanenepa, ukaumeza mnyororo, na leo kinachochungulia gandani ni kipande kidogo tu. Vijana walidhani ni mnyororo wa watumwa na wakaanza kunong'ona. Niliwasahihisha: minyororo ya watumwa ilikuwa mingi Bagamoyo bila kuiongezea wa punda. Hata hivyo walipanga foleni, mmoja mmoja, wakakigusa kile chuma kwa ncha ya kidole kama wanavyogusa maji ya baraka mlangoni mwa kanisa. Wavulana sabini, na hakuna aliyesukumana. Mimi niliye hapa zaidi ya miaka ishirini sijawahi kuona foleni ya namna hiyo, hata siku ya pilau.

Makaburini walisoma tarehe za mapadre, mabruda na masista, wakahesabu miaka kwa vidole. Wengi walikufa vijana. Hapo nao walinyamaza.

Siku tatu baada ya kurudi, kengele yetu ikauzwa.

Wazazi mnaoijua shule hii hamhitaji kuelezwa kengele ipi, lakini naeleza kwa ajili ya wale waliokuja na mtoto wa kidato cha kwanza. Kengele yetu ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi la mwembe kwa waya mnene. Ukipitisha mkono ubavuni unazihisi herufi za kiwandani, ingawa kutu imekula nusu yake. Ukikigonga kwa nondo, sauti inafika hadi kwenye mashamba ya bondeni. Marehemu baba yangu alisoma shule ya zamani, ng'ambo ya barabara, na kwa mwaka mmoja alikuwa mpiga kengele wa bweni lake. Alikuwa akisema kazi ile ilimfundisha kuamka, na kwamba yaliyobaki yote alifundishwa na watu.

Na kile kipande cha reli si mali ya kuokota. Mnajua kwamba mwaka 1969 ilipitishwa Sheria ya Elimu, na serikali ikazitwaa shule za mashirika ya dini ili mtoto wa dini yoyote asome popote bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Mimi sina kinyongo na hilo. Waislamu wengi wa rika langu wasingesoma bila hatua ile. Na aliyezitwaa alikuwa Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, ambaye mwenyewe alifundisha shule mbili za wavulana za misheni: St. Mary's ya Tabora kuanzia 1946, na St. Francis ya Pugu baada ya kurudi kutoka Edinburgh, hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya TANU. Pugu nayo ikaenda serikalini. Alikuwa anazifahamu vizuri shule alizozichukua.

Majengo yetu ya mawe yakabaki upande ule, na yapo hadi leo, na wanafunzi wa pale ni majirani zetu wema. Miaka ya tisini, jimbo lilipoamua kuanza upya upande huu kwenye kiwanja cha parokia, hatukuwa na kitu. Wazee wa parokia walikuwa wamevusha daftari moja la zamani la mahudhurio, sanamu ya Mtakatifu Yosefu isiyo na mkono wa kushoto, na kile kipande cha reli. Kilibebwa na watu wanne. Hivyo vitatu ndivyo tulivyorithi. Mengine yote mnayoyaona tuliyajenga kwa matofali ya kuchoma.

Sasa: usiku wa Jumapili, vijana watatu wa kidato cha tatu, waliokuwa Bagamoyo na sisi, waliougusa ule mnyororo, walikata waya, wakakifunga kile chuma kwa shuka la bweni, wakakishusha hadi barabarani kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Fedha walinunua chipsi mayai na nyingine wakabeti mpira. Mkeka ukachanika. Asubuhi mwalimu wa zamu alikwenda mwembeni na nondo mkononi akakuta tawi tupu, na shule nzima ikachelewa kuamka, hata mimi.

Nilikwenda mwenyewe kwa bodaboda. Nilikuta kimeshakatwa vipande viwili. Kimoja kilikuwa kimepakiwa kwenye Fuso alfajiri ile kuelekea Dar es Salaam. Kingine kilikuwa chini, kati ya vyuma vya baiskeli na sufuria zilizotoboka, na pale kilipokatwa paling'aa kama chuma kipya. Nilikinunua kwa fedha yangu, kwa bei kubwa kuliko waliyolipwa vijana, maana mnunuzi aliiona sura yangu.

Wale vijana wamesimamishwa. Hilo bodi imeshalimaliza na sitalirudia. Kinachonifanya niandike kwa urefu huu ni wazazi. Mmoja alikuja ofisini na bahasha, akaniambia, "Mwalimu, ni chuma tu, niambie kilo ngapi nilipe tuyamalize." Nilimrudishia bahasha yake. Mwingine alimtuma mjomba, na mjomba akasema vijana wote hufanya utundu. Kweli, hufanya. Mimi pia niliiba maembe ya parokia. Lakini sikuuza mwembe.

Na sasa niseme la ada, kwa sababu halipo mbali na hili.

Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, picha za Bagamoyo zilipowekwa, kila mtu aliandika. "Shule yetu ya historia." "Tulilelewa na mapadre sisi." "Nidhamu ya misheni." Mikono ya kuombea mingi, moyo mwekundu mwingi. Nilikaa na mhasibu, tukaweka majina ya wasifiaji upande mmoja na daftari la ada upande mwingine. Sitataja mtu. Nasema tu kwamba walioandika sifa ndefu kuliko wote ni wale ambao hatujapata risiti yao ya benki tangu Januari. Shule hii haina mfadhili Ulaya. Enzi ya baba yangu padre aliandika barua kwao na mwaka unaofuata bati zikashuka bandarini. Barua hizo zimekwisha. Unga, maharage, kuni, mishahara ya walimu na dawa za zahanati vinatoka kwenye ada, na anayechelewa kulipa analishwa na mtoto wa mwenzake.

Sijakataa kwamba hali ni ngumu. Mzazi akija akanieleza mavuno yalikuwa mabaya, tunapanga awamu, na nimepanga na wengi. Mama mmoja muuza mboga analipa kila Ijumaa soko likivunjika, na sasa hadaiwi chochote. Ninachokataa ni mzazi asiyepokea simu ya ofisi, kisha tunamwona kwenye kadi ya harusi ni mjumbe wa kamati na mchango wake umeshakamilika. Wenye deni la muhula huu, vijana wao hawatapokelewa getini bila risiti au bila mzazi mwenyewe kuja kuzungumza. Usimtume na ujumbe kwamba Mungu atatenda. Atatenda, lakini mhasibu wangu anataka namba ya muamala.

Kuhusu utoro: siku ya kufungua ni siku ya kufungua. Muhula huu bweni moja lilijaa wiki ya pili. Sababu tunazoletewa ni misiba, na misiba tunaiheshimu, lakini kuna bibi wa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ambaye, kwa mujibu wa barua zilizopo kwenye faili, amezikwa mara tatu tangu mwaka uanze. Nampa pole mwanafunzi huyo, na ninamwomba baba yake aje tuzungumze.

Na wale wanaolalamika kwamba vijana wanalima: ndiyo, wanalima. "Nimemleta asome, si ashike jembe." Watu hudhani jembe shuleni lilikuja na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Vijana wa misheni walikuwa wanalima chakula chao miaka mingi kabla ya hapo, na baba yangu alikuwa na alama ya jembe kwenye unyayo hadi tunamzika. Mboga anazokula mwanao jioni zimetoka bustani ile. Kila mwanafunzi atarudi na jembe lenye mpini, si la kukopa kwa mwenzake.

Tarehe ya kufungua iko chini ya ripoti. Nywele fupi, suruali za kijivu zisizobana. Simu ni marufuku, na safari hii patroni atakagua hadi ndani ya mikate.

Nusu ya reli imerudi mwembeni. Sauti yake imekuwa nyembamba, haifiki tena bondeni, na wiki ya kwanza wapishi waliidhani sufuria imeanguka. Wale vijana watatu wakipokelewa tena, mmoja wao ataipiga kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa zamu, hadi Desemba.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule

N.B. Vijana hao watatu warudi na baba au mama. Mjomba asije.