Shoga, hiyo hela ya kozi tulia nayo kwanza

Shoga yangu,

Salaam nyingi toka Tanga, huku hatujambo kabisa, mama anakusalimia na anauliza unakuja lini, nimemwambia amuulize mwenyewe. Ujumbe wako nimeupata ila nikasema huu siujibu kwa vipande vya WhatsApp, ngoja niandike kitu cha kueleweka. Unasema HTML na CSS, zile lugha za kuandika na kupamba kurasa za wavuti, umeshamaliza, sasa unataka kulipia kozi ya JavaScript, ile ya kuupa ukurasa matendo. Umemaliza nini shoga? Kujua kubadili rangi, fonti na kuweka picha katikati huko ni kufungua mlango tu, ndani hujaingia, na vitu vingi unavyotaka kuvifuata huko JavaScript siku hizi CSS inavifanya yenyewe bila kelele.

Ngoja nikupe mfano wa kazi niliyonayo mkononi. Kuna mama mmoja ana duka la kanga hapa Ngamiani, namtengenezea ukurasa wa kuuzia. Kila kanga ina kadi yake, juu picha, chini yake jina, alafu bei, alafu kitufe cha kuagiza. Sasa majina ya kanga unayajua, moja imeandikwa "Wema hauozi", ya pembeni yake "Mapenzi ni kikohozi hayawezi kufichika", kwenye simu ile ya kwanza inakaa mstari mmoja na hii ya pili inashuka mpaka mitatu, basi bei moja iko juu nyingine chini, vitufe havilingani, ukurasa mzima unaonekana umepangwa gizani. Najua we ungefanyaje, ungeyapa majina yote urefu mmoja wa piseli, zile nukta za skrini, na mteja mwenye macho mabovu akikuza maandishi kwenye simu yake yote yanamwagika juu ya bei. Dawa yake ni subgrid, yaani gridi ndogo ndani ya gridi kubwa, na gridi ni kuugawa ukurasa kwa mistari ya kulala na safu za kusimama. Kadi unaiambia grid-row: span 4, yaani ichukue mistari minne ya gridi kubwa, alafu ndani ya kadi unaweka display: grid na grid-template-rows: subgrid, maana yake kadi haijipimii mistari yake yenyewe, inatumia ile ya gridi ya nje pamoja na jirani zake. Jina refu likishuka mistari mitatu na jirani yake anaachiwa nafasi hiyohiyo, bei zinakaa sawa bila we kupima chochote. Kitu kimoja cha kuangalia, kadi inarithi na nafasi ya kati ya mistari, ukiona picha na jina vimeachana sana andika row-gap yako humo humo ndani ya kadi.

Na hiyo gridi yenyewe watu wanaiogopa bure, mi huwa naihesabu kama barabara za Ngamiani. Pale ukipanda bajaji unasema nipeleke barabara ya kumi na mbili, unataja barabara na sio nyumba, na gridi ni hivo hivo, namba ni za mistari ya mipaka inayotenganisha vyumba, sio za vyumba vyenyewe. Safu tatu zina mistari minne, ukitaka kitu kichukue safu mbili za mwanzo unakitoa mstari wa 1 mpaka wa 3, na ule wa mwisho kabisa unaitwa -1 hata kama hujui mistari iko mingapi. Ukishika hilo umemaliza nusu ya kazi. Kwa duka la yule mama nimeandika repeat(auto-fill, minmax(150px, 1fr)) basi, yaani jaza safu kadri zinavyoenea, kila moja isipungue piseli 150, kwenye simu zinakuja safu mbili, kwenye laptopu zinaongezeka zenyewe, sijaandika masharti yoyote ya upana wa skrini.

Ukikutana na somo linakufundisha kupanga safu kwa float, ile mbinu ya zamani ya kusukuma vitu pembeni, angalia limeandikwa lini alafu lifunge. Gridi iliingia Chrome, Firefox na Safari mwezi wa tatu 2017, hakuna sababu ya kuteseka na mbinu za zamani. Subgrid ndo ilichelewa, Firefox walikuwa nayo tangu 2019 ila Chrome mpaka mwezi wa tisa 2023, kwahiyo simu ambayo haijasasishwa siku nyingi haitaijua, lakini CSS haina ugomvi, brauza ikikuta neno isilolijua inaliruka kimya kimya, huyo mteja ataona kadi zisizolingana na kanga atanunua vilevile.

Haya, tuje kwenye lile linalokukera, unaweka rangi inakataa, unaongeza !important, lile neno la kulazimisha, kesho inakataa nyingine unaongeza tena. Brauza haikukatalii kwa ukorofi, ina hesabu yake. Aidii, lile jina la kitu kimoja tu, inashinda klasi, ambayo ni jina la kundi la vitu, hata uweke klasi ishirini dhidi ya aidii moja bado aidii inapita, na klasi inashinda jina la tegi, yaani alama yenyewe ya HTML kama p au button. Zikilingana, iliyoandikwa mwisho ndo inashinda. We umechukua templeti ya watu, ukurasa uliotengenezwa tayari, ambayo imejaa aidii alafu unapigana nayo kwa klasi, utaishinda wapi? Siku hizi kuna @layer, ile CSS ya templeti yote unaifungia kwenye leya moja, yaani tabaka, ya kwako unaiacha nje, na iliyo nje ya leya inashinda iliyo ndani hata kama ya ndani ina aidii kumi. Ila zile !important zifute kwanza, maana zikiingia kwenye leya mambo yanageuka, !important ya ndani ya leya inaishinda ya nje, utarudi kunilaumu mimi.

Kuna na :has, hii naipenda mno. Kanga ikiisha stoo mama anataka kadi yake ififie, zamani hapo ungeita JavaScript, sasa naandika .kadi:has(.imeisha), yaani kadi yoyote yenye alama ya imeisha ndani yake, na kupunguza opacity, imeisha hiyo. Na yale maelezo ya jinsi ya kulipa yanayofunguka ukibonyeza ni details na summary, tegi za HTML za kawaida kabisa, zinafungua na kufunga zenyewe.

Nikiwa kwenye HTML hapo hapo nikuseme kidogo. Ukurasa wako wa saluni niliufungua, vitufe vyote ni divu, lile boksi tupu lisilo na maana yoyote. Kwa macho ni kitufe, ila asiyeona anayetumia TalkBack, ile programu ya kusoma skrini kwa sauti, kwenye simu yake anasomewa maandishi tu, haambiwi kama ni kitufe. Weka button. Na pale juu templeti imeacha lang="en", yaani ukurasa ni wa Kiingereza, sasa kile kisomaji kinaweza kuanza kukisoma Kiswahili chako kizungu zungu, "nywele" sijui itatoka vipi, badilisha iwe "sw", ni herufi mbili tu. Picha nazo ziandikie width na height ili brauza izitengee nafasi mapema, maana saizi hii mtandao ukiwa mzito mtu anataka kubonyeza Agiza, picha inaibuka ghafla juu, kila kitu kinashuka na anajikuta amebonyeza kingine. Zile za chini ziwekee loading="lazy", bando la watu lisiliwe na picha ambazo hawajazifikia.

Pa kujifunzia, soma MDN, tovuti ya maelezo ya lugha hizi za wavuti, ni bure na hawababaishi, na kwa mazoezi cheza Flexbox Froggy, mchezo wa kujifunza flexbox, njia nyingine ya CSS ya kupanga vitu kwa mstari, unapeleka vyura kwenye majani yao kwa CSS, ngazi 24, ukimaliza nenda Grid Garden ni ya ndugu zao walewale. Alafu fungulia kazi yako kwenye Firefox, ile sehemu ya kukagua inakuchorea mistari ya gridi na namba zake juu ya ukurasa, unaona kabisa nani kakaa wapi.

Sasa nitumie faili zako mbili za saluni kwa imeli, faili zenyewe shoga sio picha za skrini, nikizipata ntakupigia tuzipitie pamoja. Na useme kama utakuja na basi la asubuhi nikufuate stendi.

Wako,
shoga'ko wa Chumbageni