Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Assalaam aleikum ndugu wanachama, hasa nyie ambao hamkuja kikaoni, someni hapa basi maana mkiitwa hamji.

Ya kawaida mnayajua: pwani tumesafisha, nyavu tumeshona, misiba tumechangiana, na futari ya kikundi ilifanyika, siku hiyo mikeka haikutosha, sijui watu walitoka wapi. Nayapita.

Sasa ile mashua. Naambiwa huko barazani mwenyekiti kazamisha hela za kikundi kwenye gofu la mbao, tena kwa fundi ambaye ni mjomba wake. Haya. Chombo kimelala mchangani hapa Kilindoni, Mafia, tangu tuache kukivulia, akaja mtu anataka kukipasua kuni, na wapo humu walioshakubali tugawane hiyo hela ya mboga. Mimi ndo nilokataa. Papa potwe, wale papa wakubwa wapole ambao wageni wanakuja kuwaona, wanaingia huku toka Oktoba mpaka Februari hivi, wageni wanapandishwa boti za wenzetu sisi tumekaa tunaangalia tu. Kikao cha kupitisha kiliitwa kikaitwa tena, akidi haijatimia, kusi nalo linaishia, nikaamua na mweka hazina kazi ya kukigeuza kiwe cha kubebea wageni ianze.

Kuhusu sakafu, wengi mlitaka sitaha iwe juu usawa wa ukingo eti mgeni apige picha vizuri. Sasa watu kumi wamesimama juu kule, papa katokea kushoto, wote wamekimbilia kushoto, chombo si kinalala? Ndo maana tumeishusha ndani, mbao zimekaa juu ya darumeti, zile boriti za kukingama ndani, na omo, yaani mbele, peke yake ndo ina kasitaha kafupi ka kushukia majini. Na haikupigiliwa yote kwa sababu ngama, kule chini kabisa maji yanakokusanyika, lazima ifikiwe, maji utayatoaje na umeshaziba? Ni vipande vya kunyanyua, kati ya ubao na ubao pana upenyo wa kidole ili pakauke, maana maji ya mvua yakituama yanaozesha mbao kuliko hata ya chumvi. Ile plaiwudi ya bure ilobaki kwenye zege niliikataa, ikilowa inafumuka kama mkate kwenye chai. Mvule bei hatuiwezi, tumetumia mwembe, na rangi ya juu tumechanganya mchanga uliochekechwa watu wasiteleze. Huo mchanga ni wazo langu, mjomba mwenyewe alikuwa hajalifikiria.

Na ndio ni mjomba wangu, ila nitajieni fundi mwingine atakayekalafati chombo kizima, yaani kuziba nyufa zote kwa pamba, kwa kulipwa kidogokidogo.

Hela: mbao, misumari, pamba, rangi na ufundi jumla shilingi 1,800,000, fundi bado anadai 300,000. Ada ni 3,000 tu kwa mwezi na zaidi ya nusu yenu mnadaiwa, wengine tangu mwaka juzi, na hao hao ndo wanataka kuona risiti. Risiti zipo, njooni nazo za ada zenu tulinganishe.

Mwakani inshallah tutafute mashine, majaketi ya kuokolea, turubai la kivuli, halafu ukaguzi wa TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, maana bila hapo abiria hatubebi. Labda na mfadhili akipatikana, tutaona.

Mweka hazina anakaa nje ya msikiti kila Ijumaa baada ya swala, daftari analo, na mnamjua, mnavyompitia pembeni kila wiki.

Wenu, Mwenyekiti