Kipepeo wa buluu anahitaji ng'ombe, si uzio

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vipepeo wa mbuga za Ulaya ilinifurahisha mpaka pale mwandishi aliposema dawa ya kuwaokoa ni kuondoa mifugo, kuweka uzio na kuiacha ardhi ipumzike. Kwa kipepeo mkubwa wa buluu, Phengaris arion, dawa hiyo ilishajaribiwa hapa Uingereza, na haikumponya.

Miaka ya 1930 huko Cornwall, mahali alipokuwa akizaliana palizungushiwa ua ili wakusanyaji wa vipepeo wasiingie. Mifugo nayo ikafungiwa nje, nyasi zikarefuka, vipepeo wakaisha. Miaka ya 1950 ugonjwa wa miksomatosi ukafyeka sungura waliokuwa wakila nyasi na kuzifupisha, na wafugaji wakaacha kuchunga kwenye miteremko isiyowalipa. Kufikia mwaka 1979 hakubaki hata mmoja nchini.

Chanzo kilifichuliwa na mtafiti Jeremy Thomas, aliyepiga kambi kando ya kundi la mwisho huko Devon. Kiwavi hula maua ya thaimu, mmea mdogo wenye harufu nzuri, kwa wiki mbili tatu, kisha jioni moja hujidondosha chini, mdogo kama punje ya ulezi. Sisimizi mwekundu akimkuta humpapasa na kulamba tone tamu analotoa mgongoni. Ghafla kiwavi hujivimbisha nyuma ya kichwa, akafanana kabisa na buu la sisimizi, naye hubebwa hadi kichuguuni. Humo hukaa miezi kumi hivi akiwala watoto wa wenyeji wake, na hupata zaidi ya asilimia 98 ya uzito wake wote.

Lakini si sisimizi yeyote. Anayemfaa Uingereza ni Myrmica sabuleti, anayependa udongo unaopigwa na jua. Nyasi zikizidi sentimita chache, kivuli hupoza ardhi, sisimizi wa aina nyingine huingia, na viwavi wengi hufa mikononi mwao hata kama thaimu imechanua kila mahali.

Ni kweli kwamba kipepeo huyu ameenea kutoka Hispania hadi Siberia, na hali si moja kote. Kwenye joto zaidi anaweza kuishi penye nyasi ndefu kiasi, na mahali pengine hutaga kwenye mmea wa oregano badala ya thaimu. Hata hivyo, malisho yakitelekezwa yakageuka vichaka, huko nako anapotea.

Viwavi walianza kuletwa kutoka Sweden mwaka 1983, baada ya ardhi kuandaliwa. Leo mtu akienda Collard Hill, Somerset, katikati ya Juni, anaweza kumwona akiruka, kwa sababu mifugo hurudishwa kilimani kila mwaka maua yakishapita.

Naomba gazeti lisahihishe ushauri ule. Wapo wasomaji wenu wenye mashamba huku Ulaya, na wengine wanajitolea kwenye hifadhi. Wakiufuata kwa nia njema wataua walichotaka kukiokoa.

Msomaji wenu,
Somerset, Uingereza