Hela ya bati na lile neno la shangazi

Kaka mkubwa shikamoo,

Meseji ya bati nimeiona tangu Jumapili, sikujibu mana nlikua na hasira. Sio ya bati. Ni lile neno la shangazi kwenye kikao, eti daktari gani huyo miaka saba yuko Cape Town hata mtu mmoja hajamchoma sindano. Na wewe ukacheka, mama kaniambia.

Sasa mwambie hivi, hizo sindano ndo ninazopigana nazo. Mjomba alichomwa kila siku miezi nane, si wewe ulikua unampakia kwenye baiskeli, akatoka TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, imepona ila masikio ndo basi, mpaka leo akipewa simu anacheka tu hajui tunasema nini. Ile dawa ilikua inajulikana inakula masikio, sema nyingine ya maana haikuwepo. Leo wengi wenye TB sugu ni vidonge tu miezi 6, bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, WHO walipitisha 2022. Hivyo vitatu vya mwanzo vilijaribiwa huku huku Afrika Kusini kwa watu 109 ambao dawa zilishagoma, 98 wakaenda vizuri. Sio kazi yangu hiyo nisikudanganye, na linezolidi iliwaachia wengi ganzi miguuni mpaka baadae dozi ikashushwa.

Mimi niko maabara na vijidudu vya TB ambavyo vimeshaanza kuizoea bedakwilini. Vina uvivu huo! Kimoja kugawanyika viwe viwili ni kama siku nzima, napanda makohozi kwenye chupa leo ili viote, nasubiri mpaka wiki sita, na mwezi wa tano chupa zikaingia uchafu nikaanza moja. Ila sasa nimepewa mradi wangu mwenyewe kaka, jina langu ndo la kwanza, na vijana wawili chini yangu wananiita Prof. Sijafika huko, ila siwakatazi.

Baridi ipo, kawaida. Mlima wao umekatwa kichwa kama meza wanausifia kila siku, nikawaonyesha picha ya wetu uko na theluji wakanyamaza. Mtori lakini huku hakuna, ndizi zao zinavurugika tu kwenye sufuria.

Haya, nimetuma laki nane. Bati ni laki sita na nusu kama ulivyosema, na ile ya mwaka jana iliyogeuka pikipiki sijaisahau tutaongea. Inayobaki ni nauli ya kijana wako, nasikia anakohoa wiki ya tatu sasa na mnampa tangawizi. Kaka! Tangawizi! Kesho asubuhi apelekwe akapime makohozi, ulizia mashine ya GeneXpert, ikishawashwa inachukua kama masaa mawili na inaonyesha kabisa kama rifampisini, ile dawa kubwa ya TB, itamfanyia kazi au la. Kupima bure, dawa bure, mtu asikudai hata mia.

Mkitoka huko nipigie hata iwe usiku. Picha ya bati baadae.